Hizi kesi za mauaji za mafia, mashahidi walikuwa wanapotelea wapi?

Konda Mstaafu aliandika:

Wasee habari ya jioni. Wikendi stima ilipotea mtaani siku mbili nikabaki na simu tu nikaanza kusoma historia ya hizi familia za mafia za Waitaliano waliohamia Marekani, zile familia tano za New York, Gambino, Genovese, Lucchese, Bonanno na Colombo. Sasa kuna kitu kimenikwama. Hizo kesi za kitambo zote ni kama nakala moja. Mtu anauawa, mtaa umejaa watu, polisi wanashika washukiwa kumi, magazeti yanapiga kelele, halafu baada ya muda kidogo wote wako nje wanakunywa kahawa. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, hata mjane wa marehemu hajui kitu.

Wengine wanasema ni desturi yao, ile wanaita omertà, ati Msisili, yaani mtu wa kisiwa cha Sisili kule Italia, akizaliwa anafundishwa kunyamaza. Mimi hiyo naona ni kama uvivu wa kufikiria lakini sina jibu lingine. Nimefanya matatu miaka tisa na ninajua kunyamaza kwa watu kunakuaje, na mimi si Msisili. Kwa hivyo nauliza wale wamesoma, ilikuwa desturi ama uoga? Na kama ni uoga, ilikuaje baadaye wakaanza kufungwa?

Binti wa Ngara alijibu:

Swali poa. Omertà iko, siwezi kataa, lakini wanaoileta kila saa wanasahau kuuliza hao watu wangemwambia nani. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano kama milioni nne waliingia Marekani, wengi wametoka kusini, maskini, hawajui Kiingereza, wanapanga vyumba vya ploti pale Lower Manhattan mtu juu ya mtu. Polisi wa New York wengi walikuwa Wairishi wasiojua neno moja la Kiitaliano. Sasa wewe umeitishwa pesa na mkora, unaenda kituoni, karani wa OB haelewi unasema nini, na mkora anaishi ghorofa ya juu yako. Utafanyaje?

Na hao wakora wa kwanza hawakuwa wanaibia Wamarekani matajiri. Walikuwa wanakula Waitaliano wenzao. Unapata barua imechorwa kisu, fuvu, na mkono mweusi, unaambiwa leta kiasi fulani mahali fulani ama duka lako litalipuliwa kwa baruti. Wengine walitekewa watoto. Hata Caruso, yule mwimbaji mkubwa wa opera, alipata hizo barua. Inasemekana alilipa dola 2,000 na badala ya kuachwa akaitishwa 15,000, ndiyo akaenda kwa polisi. Ukilipa mara ya kwanza umejiandikisha mwenyewe kwa daftari lao.

Mzee wa Kariokor alijibu:

Konda, wacha nikupe kesi moja na ukiisoma polepole utapata jibu lako ndani. 1903, mwezi wa Aprili, New York, East 11th Street. Mama mmoja wa kufagia anatoka asubuhi mapema anakuta pipa barabarani, koti limetokeza juu. Anavuta koti. Ndani kuna mwanaume amekunjwa, koo limekatwa, na chini ya pipa kuna unga wa mbao na mabaki ya sukari.

Polisi hawakujua hata jina la maiti. Wakamleta Joseph Petrosino, mpelelezi aliyezaliwa Padula kule Italia, mmoja wa wachache sana kwa hiyo idara waliokuwa wanajua lugha ya hao watu. Pipa lenyewe lilikuwa na alama ya duka, wakaifuata mpaka kwa mkahawa wa keki wa Waitaliano. Petrosino naye akasafiri hadi jela ya Sing Sing akamwonyesha mfungwa mmoja picha ya marehemu, mfungwa akasema huyu ni shemeji yangu. Jina Benedetto Madonia, mtu wa Buffalo. Alikuwa amehusika na genge la noti bandia la Giuseppe Morello, yule mwenye mkono uliolemaa, pamoja na Ignazio Lupo. Wakashika genge zima. Na kwa mfuko wa mmoja wao, jamaa mkubwa wa mwili wakimwita Petto Ng'ombe Dume, wakapata risiti ya rehani. Wakaenda pale dukani wakatoa kitu kilichowekwa rehani. Saa ya marehemu!

Sasa hiyo kesi si imeisha? Una maiti, una pipa, una genge, una saa. Kilichobaki ni mtu wa familia asimame aseme ndiyo hii ni saa ya baba.

Kijana wa kambo wa marehemu akaitwa wakati wa uchunguzi wa kifo. Saa hiyo alikuwa ameshaitambua mbele ya polisi. Akapewa ashike. Alipofungua mdomo, watu waliojaa mle ndani wakaanza kusugua miguu sakafuni. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyetoa bunduki. Ni viatu tu. Kijana akaangalia watu, akaangalia saa, akaanza kusema inafanana lakini hawezi kuwa na uhakika. Shemeji wa Sing Sing naye akaletwa, akasema Petto ni rafiki yake.

Hakuna mtu alifungwa kwa hayo mauaji hadi leo. Morello na Lupo walikuja kupatikana 1910 na kesi ya noti bandia, mmoja akapewa miaka 25 na mwingine 30. Unaona hiyo? Pesa bandia haihitaji mjane kusimama kortini.

Konda Mstaafu aliandika:

Mzee hiyo ya viatu imenitoa jasho. Naifahamu hiyo sauti. Sisi haikuwa viatu, ilikuwa mtu anagonga bodi ya gari mara mbili na sarafu.

Kijana Fresh alijibu:

Lakini wasee tusijidanganye, hao Waitaliano iko ndani ya damu. Hata hapa Malindi si wamejaa, mnadhani zile hoteli zote ni za pasta tu.

Binti wa Ngara alijibu:

Kijana Fresh, shangazi yangu ameishi Malindi miaka thelathini, jirani zake nusu ni Waitaliano, kubwa walilowahi kumfanyia ni kumkosoa ugali wake. Wakora wako kila kabila, usipake watu wote rangi moja.

Na hiyo ya damu imeshawahi kuua watu. New Orleans 1890, mkuu wa polisi anaitwa David Hennessy anapigwa risasi usiku akirudi nyumbani. Waitaliano wakashikwa kwa wingi. Tisa wakafikishwa mbele ya baraza la wazee wa korti, sita wakaachiliwa huru na watatu baraza halikuelewana. Tarehe 14 Machi 1891 umati wa maelfu ukavunja jela ukaua Waitaliano 11. Wengine kati yao hata kesi yao ilikuwa haijasikizwa! Na waliokuwa wanaongoza umati walikuwa watu wa maana wa mji, mawakili na wafanyabiashara. Serikali ya Italia ilimwita balozi wake arudi nyumbani. Meya wa New Orleans alikuja kuomba msamaha 2019.

Sasa wewe ni Muitaliano muuza ndizi pale mjini baada ya hiyo siku. Umeona mauaji. Utaenda kusema kwa nani, kwa serikali iliyoacha jela yake ivunjwe? Genge liko upande huu na umati uko upande ule.

Kijana Fresh alijibu:

Sawa dada nimeskia, nilikuwa naongea tu.

Wakili wa Kibandani alijibu:

Mimi ni karani tu wa korti, si wakili, hilo jina nilipewa na mama anayeniuzia chai. Wacha nijibu lile la pili la Konda, ilikuaje wakaanza kufungwa, kwa sababu hapo ndipo utamu uko.

Shida ya kesi ya mauaji ni kwamba inataka mtu, mahali, saa, na silaha. Bosi wa mafia hana hata moja ya hizo. Yeye yuko kwa meza anakula. Ameongea na mtu, huyo ameongea na mwingine, na huyo mwingine ndiye amevuta risasi na hata hajui amri ilitoka wapi. Baada ya vita vyao vya 1930 hadi 1931 waliunda ile wanaita Komisheni, yaani baraza la mabosi, na mauaji makubwa yalikuwa lazima yapitishwe hapo kwanza. Ni kama bodi ya sako ikipitisha mikopo, tofauti ni kile kinachopitishwa.

1957 mabosi wengi walikutana kijijini Apalachin, jimbo la New York, polisi wa pale wakashuku magari mengi ya bei kubwa, wazee wa suti wakaanza kukimbilia msituni. Wengi walishikwa lakini hukumu walizopata zilikuja kufutwa kwa rufaa, kwa sababu kula nyama kwa rafiki yako si kosa. 1963 Joe Valachi akawa mwanachama wa kwanza kukaa mbele ya maseneta na televisheni ikiwaka akaeleza kiapo, vyeo, kila kitu. Nchi nzima ikasikia. Na bado mabosi wakalala vitandani mwao.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya 1970, RICO. Hiyo inasema hivi, kama kuna shirika na wewe uko ndani na umehusika na makosa angalau mawili ya aina fulani ndani ya miaka kumi, kosa lako ni kuendesha hilo shirika. Hatuhitaji kukuweka mahali maiti ilipoangukia. Mwaka huo huo ndipo serikali kuu ilipewa nguvu ya kuwaficha mashahidi, unahamishwa mji mwingine, jina jipya, karatasi mpya, familia yote.

Hata hivyo ilichukua muda, waendesha mashtaka wenyewe hawakuielewa hiyo sheria kwa miaka kadhaa (hapa kwetu pia sheria inaweza kupita na ikakaa kabatini mpaka ishike vumbi). Kesi kubwa ilikuja 1985, ile ya Komisheni yenyewe. Carmine Galante, mkubwa wa familia ya Bonanno, alikuwa ameuawa 1979 akimaliza chakula cha mchana mkahawani Brooklyn. Kwa hiyo kesi hawakushtaki tu mtu aliyekuwa na bunduki. Walisema baraza ndilo lilipitisha, na wakaleta kanda za vifaa vya kunasa sauti vilivyofichwa kwa magari na nyumba za hao wazee. Januari 1987 mabosi wakapewa miaka 100 kila mmoja. Paul Castellano, bosi wa Gambino, hakufika kwa hukumu, alipigwa risasi nje ya mkahawa Manhattan Desemba 1985, kesi ikiendelea. Aliyepanga hayo, John Gotti, ndiye alichukua kiti chake, na alifungwa 1992 baada ya naibu wake Gravano kukaa kizimbani na kukubali kwamba yeye mwenyewe alihusika na mauaji 19.

Sasa Konda ona hapo. Shahidi aliyemfunga Gotti hakuwa mwenye duka. Hakuwa mjane. Alikuwa muuaji aliyepewa bei nzuri. Akatumikia miaka mitano hivi. Hiyo hesabu mimi huwa inanisumbua hata kama najua bila hiyo Gotti angekuwa nje.

Mama Vitenge alijibu:

Nasoma tu hapa kimya lakini hii imenigusa. Miaka ya nyuma nilikuwa na kibanda mtaa mmoja huku Eastlands, sitautaja. Vijana walikuwa wanapita kila Jumamosi na daftari, wanasema ni pesa ya ulinzi. Kumlinda nani kutoka kwa nani, hakuna aliyeuliza. Mwenzangu aliyekuwa anauza viatu alikataa wiki mbili, wiki ya tatu kibanda chake kikachomeka usiku. Sote tulijua. Askari wakaja wakauliza, mimi nikasema nilikuwa nimelala. Nilikuwa macho. Nilikuwa na watoto wawili kwa hicho chumba na yule kijana aliyewasha kiberiti alikuwa ananiita mathe kila asubuhi akipita.

Huyo kijana wa saa nimemwelewa kabisa. Wacha watu waite desturi.

Wakili wa Kibandani alijibu:

Mama pole sana. Na ni vizuri umesema. Hapa kwetu sheria ya kulinda mashahidi ilipitishwa 2006 na ile ya kuzuia uhalifu wa magenge ikaja 2010, kwa hivyo wakati wako pengine hata hiyo ya kwanza haikuwepo. Lakini hata leo, hiyo ulinzi imeundwa kwa shahidi wa kesi kubwa. Mtu wa kibanda akiambiwa hama mji, acha wateja wako, acha deni ulilokopesha, abadilishe jina, hiyo kwake ni kama adhabu.

Dereva wa Melbourne alijibu:

Salamu kutoka mbali, niko Australia mwaka wa sita sasa, mtoto wa Dagoretti. Huku pia wako, lakini wa huku wengi asili yao ni Calabria, mkoa wa kusini mwa Italia, ile inaitwa 'Ndrangheta. Soko la matunda na mboga la Victoria Market hapa Melbourne lilikuwa na mauaji 1963 na 1964, wazee wa biashara wakipigwa risasi juu ya nani anakula ile pesa ya kila sanduku linalouzwa. Nikipita hapo na gari huwa nafikiria Wakulima Market.

Kesi ambayo watu wa huku hawajasahau ni ya Griffith, mji mdogo wa mashamba New South Wales, Waitaliano ni wengi sana pale, wamejenga huo mji kwa zabibu na machungwa. Miaka ya 70 kukawa na mashamba makubwa ya bangi yamefichwa. Donald Mackay, mwenye duka la fanicha, mtu wa siasa kidogo, aliwapa polisi habari za shamba moja karibu na Coleambally na watu wakashikwa. Kwa hiyo kesi, daftari la polisi likatolewa kortini na ndani yake jina lake lilikuwa limeandikwa. Shahidi wa siri akawa si wa siri tena. Julai 15 1977 alitoka baa jioni kuelekea gari lake akapotea. Wakapata damu, funguo, maganda ya risasi. Mwili haujapatikana hadi leo. Tume ya serikali ilisema aliuawa na hilo genge la Griffith. Mtu wa kukodiwa, James Bazley, alifungwa 1986 kwa kula njama ya kumuua, na yule aliyetajwa kuwa kinara, Robert Trimbole, alikuwa ametoroka nchi 1981 na akafia Uhispania 1987 bila kusimama kizimbani kwa hilo.

Na Mackay hakuwa Muitaliano. Aliongea, na mfumo ndio ukamtoa jina. Kwa hivyo hata asiye na hiyo desturi alikuwa na sababu ya kunyamaza, aliiona baadaye.

Binti wa Ngara alijibu:

Asante Dereva. Na hao wa Calabria ni wagumu zaidi kwa sababu genge ni familia kweli, baba, mtoto, mkwe. Wa Sisili walipata mtu kama Buscetta, mwanamafia aliyegeuka shahidi, akaongea na hakimu Falcone, ndio ile kesi kubwa ya Palermo ya 1986 hadi 1987 ikafunga zaidi ya watu 300. Lakini kumtaja bosi kama bosi ni babako mzazi? Wachache wanaweza.

Mnakumbuka Duisburg, Ujerumani? Agosti 2007, watu sita wanapigwa risasi nje ya mkahawa wa Kiitaliano, mmoja wao alikuwa anasherehekea kufikisha miaka 18 usiku huo huo. Chanzo kilianzia kijiji cha San Luca kule Calabria 1991, vijana walirushiana mayai siku ya kanivali. Mayai! Miaka kumi na sita baadaye damu iko mtaani nchi nyingine. Wajerumani wakashangaa ati kumbe hawa watu wako hapa, na walikuwa wanakula pizza kwao miaka yote.

Konda Mstaafu aliandika:

Nimeshiba. Nilikuwa nadhani nitapata majibu mawili matatu ya utani. Kwa hivyo nikielewa, hakuna watu waliozaliwa wanyamavu, kuna watu walioona aliyeongea amefanywa nini. Mama Vitenge, hiyo ya kuitwa mathe nitalala nayo.

Mzee wa Kariokor kabla sijazima simu, yule jamaa wa saa, Petto, aliendelea kuishi tu New York anatembea kifua mbele? Na Petrosino alifika wapi?

Mzee wa Kariokor alijibu:

Petrosino alipewa kikosi chake cha polisi Waitaliano, wakafanya kazi kubwa sana. 1909 akatumwa Italia kisirisiri kutafuta rekodi za wahalifu ili wafukuzwe Marekani. Siri gani, gazeti la New York liliandika safari yake akiwa bado yuko njiani! Machi 12 usiku akapigwa risasi Piazza Marina, Palermo. Mazishi yake New York watu walijaa barabarani, wanakadiriwa laki mbili na zaidi, na wengi wao walikuwa wale wale Waitaliano wa ploti ambao ati hawaongei na polisi. Mshukiwa mkuu, Vito Cascio Ferro, alikuwa na mtu wa kuapa kwamba usiku ule alikuwa kwake. Kesi ikafa.

Petto aliachiliwa, akahama akaenda Pennsylvania kwa wachimba makaa, akabadilisha jina. 1905 usiku mmoja alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Watu walidhani ni shemeji wa Madonia amelipiza, kumbe shemeji bado alikuwa ndani Sing Sing. Hakuna aliyefungwa kwa hilo pia. Majirani waliona nini, usiniulize.